Kabla hujalipia amplifaya ya valvu, itazame mgongoni

Bendi na kwaya nyingi hapa Mwanza zinanunua amplifaya ya gitaa kwa kusoma jina lililoandikwa mbele. Ukiona Marshall, unalipa. Ukiona Fender, unaomba upunguziwe kidogo, kisha unalipa. Sisi tunaozifungua tungekuomba uigeuze kwanza. Mgongoni ndiko utajua kama itapiga Jumapili ijayo au itaishia kuwa meza ya kuwekea kinanda: inatumia volti ngapi, na ina valvu (vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti) za aina gani, kama inazo.

Ndiyo, kama inazo. Marshall MG ni transista tupu, yaani vile vipande vidogo visivyo na kioo vinavyofanya kazi ya valvu. Zile za Valvestate nyingi zina valvu moja tu kwenye hatua ya mwanzo, kazi nzito inafanywa na transista. Na hizo spika za bluetooth zenye jina la Marshall zilikuwa zikitengenezwa kwa leseni na kampuni ya Sweden iitwayo Zound Industries, ambayo mwaka 2023 ikainunua Marshall yenyewe. Usitafute valvu humo. Transista si dhambi. Peavey Bandit haina valvu za sauti hata moja na tungempa kijana wa kwaya bila wasiwasi. Kosa ni kutozwa bei ya valvu kwa kitu kisicho nazo.

Kujua ni rahisi. Chungulia nyuma kwenye wavu: unaona vichupa vya kioo? Washa: ya valvu haitoi sauti papo hapo, inasubiri ipate moto. Inyanyue: Vox AC30 inapita kilo 30, na mgongo wako utakuambia.

Ukishaviona vioo, hapo jina linaanza kuwa na maana, kwa sababu linakuonyesha ukoo.

Ukoo wa Marekani ni Fender. Leo Fender alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio Fullerton, California, mwaka 1938, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. (Hapa karakanani habari hiyo inatufurahisha sana.) Deluxe Reverb yake ina valvu mbili za 6V6 na wati 22, Twin Reverb ina valvu nne za 6L6 na wati 85. Sauti yake ni safi, kila noti inasimama peke yake. Kwa solo la dansi, lile linalotiririka bila kuchafuka hata besi ikipanda, ningechukua Twin kabla ya nyingine yoyote.

Ukoo wa Uingereza ulizaliwa humo humo. Fender walikuwa na amplifaya ya besi iitwayo Bassman, wapiga solo wakaipora. Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la muziki London, pamoja na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, waliichukua kama mfano wakaijenga kwa vifaa walivyoweza kuvipata kwao. Ikatoka JTM45. Baadaye wakahamia valvu za EL34, na hapo ndipo ile sauti inayonguruma na kupasuka mapema ilipokomaa. JCM800 ya mwaka 1981 ndiyo wengi wanaitaka. Angalizo la fundi: Marshall kadhaa zilizopelekwa Marekani zilifungwa valvu za 6550 badala ya EL34. Usichomeke tu EL34 kwa sababu umesoma hivyo mtandaoni. Bayasi, yaani kiwango cha umeme kinachopita kwenye valvu ikiwa imetulia, lazima ipangwe upya.

Vox ilizaliwa Dartford, Uingereza, kazi ya Tom Jennings na Dick Denney. AC15 ilitoka 1958, AC30 ikafuata muda mfupi baadaye na kupandishwa jukwaani na Beatles. Inatumia EL84 nne, valvu ndogo zinazofanyishwa kazi kubwa ndani ya boksi lenye joto. Zinachoka mapema, hivyo weka akiba.

Mesa/Boogie ilianza kwa Randall Smith kuchukua Fender Princeton ndogo na kuijaza nguvu isiyolingana na umbo lake. Tangu 2021 ni mali ya Gibson. Kwa besi kuna Ampeg SVT ya mwaka 1969, wati 300. Ni mnyama mzuri, lakini ina valvu sita za kutoa nguvu, na unazibadilisha zote kwa pamoja. Piga hesabu ya hizo sita kabla ya kupatana bei.

Valvu za gitaa siku hizi zinatoka viwanda vichache tu: JJ wa Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na China. Mwaka 2022 Urusi iliposimamisha kuziuza nje kwa muda, bei zilipanda dunia nzima. Tunaagiza kwa oda, kwa hiyo tupigie picha maandishi ya kwenye kioo. ECC83 na 12AX7 ni kitu kimoja, EL84 na 6BQ5 vilevile, usikubali kuuziwa kama vitu viwili.

Sasa volti, maana huku ndiko pesa zinakoteketea. Umeme wetu ni volti 230. Mzigo wa Marekani ni 120, wa Japani ni 100. Ukiichomeka moja kwa moja, ukibahatika inakata fyuzi. Tulishaletewa moja ambayo fyuzi yake ilizungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili "isisumbue". Transfoma ilikuwa imeyeyuka lami yake hadi chini ya chasisi. Hiyo ilibidi isukwe upya. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti mgongoni. Isome kabla ya kuwasha. Isiyo nayo inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na ukubwa wa transfoma hiyo usiupime kwa wati za sauti: amplifaya ya wati 85 inavuta ukutani zaidi ya mara mbili ya hizo. Kumbuka pia transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde) pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu.

Ukiwa kwa muuzaji, tazama kichwa cha kila valvu. Kile kipaku kinachong'aa kama kioo kikigeuka cheupe, hewa imeingia, valvu imekufa. Mwanga wa bluu kwenye kioo usikutishe. Lakini lile bamba la ndani likiwa jekundu kama pasi ya mkaa, zima hapo hapo. Usiiwashe bila spika kuunganishwa, na usiifungue hata ukiwa umechomoa: ndani hubaki volti mia kadhaa zinazoweza kuua.

Mnaoleta kwa boti kutoka Ukerewe, au kwa basi kupitia darajani Busisi, iacheni ipoe, toeni valvu, andikeni kila moja ilitoka tundu lipi, kisha zifungeni kwenye kanga na mzipakate. Njooni na spika yake. Fyuzi iliyokatika msiitupe: kioo kikiwa cheusi tunaanza kutafuta shoti, uzi ukiwa umekatika bila kioo kuchafuka huenda ni uzee tu.