Vijana wa Khedive Ismail wana majina

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu niko darasa la saba, wakati baba akienda Voi anarudi nalo limefungiwa sukari, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Leo naandika kwa sababu ile ripoti yenu ya meli ya Khedive Ismail, iliyobeba askari ikazamishwa na Mjapani kwenye Vita ya Pili ya Dunia, imenikaa kooni. Nimeisoma mara tatu natafuta mahali mmewataja watu wetu, nikapata maneno manne tu, "pamoja na askari Waafrika", basi. Manowari za Mwingereza mmezitaja kwa jina, Petard na Paladin, nyambizi ya Mjapani mmeitaja, hata ile tamasha ya muziki iliyokuwa inaendelea ndani ya meli mmeiweka. Wanawake 77 waliozama mmewaeleza vizuri na ni haki yao, sina neno na marehemu. Lakini siku ile walikufa watu 1,297 na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa vijana wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliopakiwa Kilindini hapo Mombasa wakipelekwa Ceylon, ndo Sri Lanka ya leo. Hao wote ndo maneno manne?

Babu mzaa baba alikuwa kwenye hiyo meli, yeye na mdogo wake waliyefuatana ziwa moja. Babu alirudi.

Alikuwa haongei hayo mambo. Mara moja tu alinihadithia, mi niko kidato cha pili, tumekaa tunapukuchua mahindi, akaanza mwenyewe bila kuulizwa. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, jua kali na bahari imetulia. Yeye alikuwa juu, mdogo wake ameshuka chini kulala kwa vile kichefuchefu kilikuwa kimemshika tangu watoke Mombasa. Meli ikapigwa torpedo mbili, yale mabomu yanayopita majini. Babu alisema hakuwahi kuona kitu kikubwa hivo kikipotea haraka hivo, hata sigara humalizi, meli imeinama imekwenda na wote waliokuwa chini wakaenda nayo. Yeye alijikuta majini ameshika ubao wa benchi, mtu wa Taita ambaye maji ya kumfika kifuani alikuwa hajawahi kuyaingia maisha yake yote. Halafu ndo ikaja ile sehemu ambayo akifika hapo mahindi yanasimama mkononi. Nyambizi ilijificha chini yao, chini ya watu wanaoelea, na manowari za Mwingereza zikarudi kwa kasi zikamwaga mabomu yale ya kulipukia chini ya maji katikati ya watu. Walikuwa wanapunga mikono, wanafikiri wanakuja kuokolewa! Babu alisema maji yalipiga tumbo kama teke la punda, na aliyekuwa ameshika upande wa pili wa ule ubao, mtu aliyekuwa anamwambia "shika, shika, usiache", akanyamaza na damu ikamtoka puani, akaachia. Nyambizi ilizamishwa mwishowe, sawa, na najua mtaniambia kwamba isingezamishwa ingemaliza meli zingine nne za msafara zilizojaa watu. Babu mwenyewe alisema hivo hivo, hakuwalaumu. Ila aliyaona, na ripoti yenu hayo mmeyapitia kwa sentensi moja, "manowari zilijibu shambulizi". Waliopona ni wanaume 208 na wanawake 6. Mmoja wa hao 208 alinifundisha kukamua ng'ombe.

Huyo mdogo wake alikuwa ameacha mke mwenye mimba ya miezi minne. Mtoto alizaliwa wa kiume, akapewa jina la babake, leo ni mzee anatembelea fimbo. Miaka michache iliyopita tulimpeleka ofisi moja ya serikali kufuatilia shamba la marehemu babake, mambo ya urithi, na karani pale akamwambia alete cheti cha kifo. Hakuna. Basi alete kibali cha mazishi. Tukamweleza, huyu mtu alizama baharini 1944, hakuzikwa. Karani akauliza tena, bila hata kuinua kichwa, "Sasa alizikwa wapi?" Mzee akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akamjibu kwa heshima, "Mwanangu, mimi pia nilikuwa nataka kujua." Nilisafiri mpaka Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road ambako kuna ukumbusho wa wale wasio na kaburi, nikapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka nikalipata jina la baba mdogo wa babangu, nikalipiga picha na simu. Nikampelekea karani. Akasema hilo ni jiwe, si cheti. Kesi bado iko.

Na hapo ndo nashindwa kuelewa nchi hii. Mateka wa Kiitaliano waliojenga barabara ya kushuka Mai Mahiu mwaka 1942 wana kanisa lao dogo pale kando ya barabara, limetunzwa, watu wanasimama kupiga picha. Jemadari wao mkuu, Duke wa Aosta, aliyesalimu amri Amba Alagi kule Ethiopia 1941 akafia Nairobi akiwa mateka mwaka uliofuata, amelazwa kanisani Nyeri pamoja na askari wake. Ni vizuri, mtu akifa apumzishwe kiutu hata kama alikuwa adui. Babu mwenyewe kabla ya kuhamishiwa mizinga aliwalinda hao Waitaliano na aliwapenda, mmoja alimchongea kijiko cha mti ambacho bado tunacho. Lakini mjukuu wa mateka akitoka Italia ataonyeshwa babu yake alipolala, na mtoto wa askari aliyekuwa upande ulioshinda anaulizwa kibali cha mazishi! Na pale Nairobi mjini kwenye sanamu ya askari wa vita ya kwanza pameandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Sisi tunalikumbuka. Tatizo ni kwamba tukilitaja hakuna anayeandika.

Ombi langu ni hili, Mhariri. Majina yapo, yamechongwa kwenye ukuta Ngong Road, tumeni mwandishi mmoja na daftari, ni mwendo wa matatu moja kutoka mjini. Halafu kuanzia tarehe 12 Februari muwe mnachapa majina 20 kila siku kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo, bila malipo, kwa herufi za ukubwa ule ule mnaotumia kwa matajiri, mpaka yaishe. Tangazo la gazeti lenye tarehe na jina karani atalipokea, nimeshamuuliza.

Mkifika kwa watu wa Taita mnijulishe siku moja kabla. Mzee hasomi vizuri tena, nitataka niwe nyumbani nimsomee.

Mjukuu wa askari wa mizinga,
Mwatate