Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Wilaya ya Busia kuhusu gundi ya shilingi 500

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni muuza vifaa vya viatu mjini Busia, upande wetu wa Uganda, na ninakuandikia kuhusu bidhaa iliyo kwenye rafu yangu mwenyewe. Gundi tunainunua kwa kopo la lita nne, lakini fundi anayeshona chini ya mwavuli hana fedha za kopo zima, hivyo tunampimia kidogo kidogo. Kwa miaka mingi nilimpimia pia mtoto yeyote aliyesema ametumwa na fundi. Mmoja wao, wa umri wa kama miaka 11, alikuwa akija na chupa ya maji iliyokatwa shingo. Siku moja nilimfuatilia kwa macho hadi pale malori yanapopanga foleni. Alivuta mkono wa sweta ukaifunika chupa, akaingiza pua ndani, akatulia hivyo kwa muda mrefu. Hakukuwa na fundi yeyote, na zile shilingi 500 zilikuwa tayari mfukoni mwangu.

Mvuke wa gundi hiyo, ambao mara nyingi ni wa toluini, kiyeyusho kinachoifanya gundi iwe laini, hupita mapafuni na kufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Husahaulisha njaa na baridi, ndiyo maana mtoto anayelala nje huitafuta kabla hajatafuta chakula. Kwa anayeivuta mwaka baada ya mwaka, huharibu utando unaokinga mishipa ya fahamu, akawa anatetemeka na kuyumba akitembea, na figo nazo hudhurika. Hatari ambayo wengi wetu hatuijui ni ya moyo. Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Millard Bass, alichapisha taarifa ya vifo vya ghafla 110 vya vijana waliovuta mivuke ya namna hii. Mvuke huufanya moyo kuwa mwepesi wa kuvurugwa na homoni za hofu, kwa hiyo aliyetoka kuvuta akikurupushwa na kukimbia, moyo unaweza kusimama papo hapo, hata kama ni mara yake ya kwanza.

Kwa sababu hiyo, msako wa alfajiri wa watoto wa mitaani, wenye virungu na mbio, unaweza kumuua mtoto yule yule tunayedai kumwokoa. Naomba kila askari anayepangiwa kazi hiyo afundishwe kwamba mwenye chupa mkononi hakimbizwi: husemeshwa kwa sauti ya chini, huketishwa penye hewa, na chupa huchukuliwa akiwa ametulia.

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2023 inahusu bangi, heroini na mengineyo ya jamii hiyo. Gundi, na petroli ambayo nayo watoto huivuta, ni bidhaa halali, na kuzipiga marufuku kungemnyima fundi riziki na mwenye bodaboda mafuta. Lakini kipimo cha kuuzia tunaweza kukidhibiti. Waragi, pombe kali yetu, wa vifuko uliondolewa madukani mwaka 2019, ingawa waragi wenyewe haukupigwa marufuku, kwa kuwa kifuko kile kidogo na cha bei ndogo kilimfikia hata mwanafunzi. Gundi ya shilingi 500 ndiyo kifuko chetu cha leo.

Maduka ya dawa nayo yana hadithi yao. Nilimtuma mwanangu wa kidato cha pili amnunulie babu yake dawa ya kikohozi, akarudi na chupa mbili za sirapu yenye kodeini bila kuulizwa umri wala cheti. Kodeini ni ndugu wa mofini. Hupunguza kasi ya kupumua, na ikichanganywa na pombe, aliyelala anaweza asiamke. Wabeba mizigo wa hapa mpakani humeza tramadoli ili mgongo usiume, kisha huongeza kidonge kwa sababu kimoja hakitoshi tena. Mtu wa namna hiyo hahitaji hotuba. Marekani walianza mwaka 1983 kuwapeleka askari madarasani kuwaonya wanafunzi, na tathmini zilizofuata zilionyesha kwamba mpango huo haukupunguza matumizi kwa kiasi cha maana.

Baraza lako lina uwezo, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, wa kutunga sheria ndogo za wilaya. Ninaomba itungwe moja inayokataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 gundi ya viyeyusho, na kumzuia mwenye pampu kumjazia mtoto petroli ndani ya chupa. Fundi maskini aendelee kupimiwa, ila jina lake liandikwe daftarini. Naomba pia uzungumze na wenzako wa Kaunti ya Busia, Kenya, maana tukibana upande mmoja mtoto atavuka tu barabara. Na kwa waliokwisha kuzoea, Hospitali ya Butabika, ile ya magonjwa ya akili na uraibu jijini Kampala, iko karibu kilomita 200 kutoka hapa. Muuguzi mmoja aliyefunzwa kazi hiyo katika kituo cha afya cha mjini angewafikia wengi wasioweza kupata nauli.

Daftari langu nimelifungua wiki tatu zilizopita. Lina majina ya mafundi 14, na mauzo ya gundi yameshuka karibu nusu. Nitalileta barazani siku utakayoniita, ili madiwani wajionee ile nusu nyingine ilikuwa ikienda kwa nani.

Wako mtiifu,
Muuza vifaa vya viatu, Busia