Malalamiko kuhusu sufuria tatu mlizoniuzia kwa jina la shaba

Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi,

Kwa heshima, ninazikataa sufuria tatu zilizoandikwa "shaba tupu" kwenye risiti yenu. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua.

Ninapika jamu ya maembe ya kuuza. Katika mwinuko wetu wa takriban mita 1,200, maji huchemka karibu na nyuzi 96, na jamu huganda ikifika nyuzi 4 au 5 tu juu ya hapo. Nafasi hiyo ni ndogo; ndiyo maana nililipa bei ya shaba, ambayo hupitisha joto karibu mara 8 kuliko feleji ya kawaida, hata moto wa mbabula, jiko langu la makaa, ukaenea upesi chini kote na pembeni. Sufuria zenu zililiacha joto lirundikane juu ya kila kaa: chini ya ile ya kwanza nilikuta madoa meusi manne, kila moja sawa na kizibo cha chupa, na kando yake jamu ilikuwa bado majimaji.

Nilikuja kwenu na sumaku. Sumaku haishiki shaba, lakini hapo ilishika, kwa kuwa ndani ni feleji iliyovikwa shaba nyembamba. Kijana wenu wa kaunta aliing'oa, akaitupa sakafuni, akasema mbele ya wateja: "Mama, rudi kwanza ujifunze kupika." Ni huyohuyo ambaye, siku ya kununua, aliniapia kuwa ni shaba.

Narudia, ili jambo hili lisisomwe kijuujuu. Sumaku ilikuwa inaning'inia kwenye sufuria, watu wanaiona. Yeye hakuitazama sufuria, alinitazama mimi toka kichwani hadi miguuni, ndipo akaing'oa na kuitupa. Niliinama kuiokota katikati ya miguu ya wateja, mwanangu ameshika kitenge changu. Nimepika miaka 19.

Siku ile nilitaka kubadilishiwa sufuria moja tu. Sasa ninadai fedha ya zote tatu, pamoja na gharama ya maembe na sukari iliyoungua. Tena hilo pekee halitoshi: kijana huyo aniombe radhi palepale kaunta, wateja wakiwepo. Nawapa siku 7. Zikipita, sufuria, risiti na sumaku vitafika mahakama ya biashara, na akina mama wenzangu wote wanaonunua kwenu wataonyeshwa, sokoni, jinsi sumaku inavyoshika bidhaa mnayoiita shaba katika mji uliozaliwa na shaba mwaka 1910.

Mteja wenu