Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya 2026: Wenzangu wa Mazoezi Dodoma, Tuanze na Maji

Mbukwenyi wenzangu, kama wanavyosalimiana Wagogo! Shikamooni kaka na dada zangu mlionitangulia, na nyie wadogo zangu poleni na pilikapilika za sikukuu. Najua wengi mmeshasafiri. Wapo waliokwenda Kongwa na Mpwapwa, wapo waliopanda basi la Kondoa, wapo waliowafuata wazazi Manyoni na Singida, na wengine wameteremka Dar kwa treni ya mwendokasi. Popote mlipo, heri ya Krismasi kwenu mnaosherehekea, na heri ya mwaka mpya 2026 kwa sote, pamoja na ndugu zetu Waislamu ambao kila mwaka tunakula nao pilau sinia moja. Najua pia zipo nyumba ambazo mwaka huu umeziachia nafasi tupu mezani. Kwenu ninyi, poleni sana, Mungu awatie nguvu. Siku mtakayojisikia kurudi barabarani mtatukuta, na hatutawauliza mlikuwa wapi.

Huu ndio msimu ninaoupenda kuliko yote hapa Dodoma. Tangu Mei tumekimbia kwenye vumbi, nyasi zimekauka, mibuyu imesimama bila jani hata moja. Mvua ya kwanza ikishanyesha, mibuyu inavaa majani, soko la Majengo linajaa embe, na mazungumzo ya kila kijiwe yanageuka kuwa ya mbegu: uwele, mtama, alizeti, karanga, shamba lipi lipumzike na lipi lilimwe. Mkulima wa hapa haangalii tarehe, anangoja ardhi ishike maji. Sisi wa mazoezi ndio tunaopakua ratiba kwenye simu, iliyotungwa na mtu wa nchi yenye theluji, inayotuambia Desemba tujifungie ndani na Juni tutoke juani. Kisha tunashangaa kwa nini Machi tumeshaiacha.

Ombi langu kwenu katika salamu hizi ni moja: tupange mwaka kwa kufuata majira ya Dodoma, na tuanze na kile tunachokiogopa, yaani maji: kujifunza kuogelea.

Kwa wageni waliojiunga karibuni, triathloni tunayoifanyia mazoezi ni mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, bila kusimamisha saa. Masafa ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 majini, kilomita 40 kwa baiskeli na kilomita 10 kwa miguu. Masafa mafupi ni nusu ya hayo. Kuogelea kunatangulia ili watu wawe majini wakiwa bado na nguvu, kwa sababu mtu aliyechoka barabarani atakaa pembeni, lakini aliyechoka katikati ya ziwa yuko hatarini.

Kukimbia hatuhitaji kuhubiriwa. Septemba mwaka huu wa 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, jirani zetu kabisa, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda huohuo, wakatenganishwa na sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Ila kwa habari ya malengo, natamani tuangalie na miaka iliyotangulia. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa 5. Mashindano ya dunia ya London 2017 alipata shaba. Kati ya shaba ile na dhahabu hii imepita miaka 8, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni kuamka alfajiri bila kupigwa picha. Nawaomba mkiandika malengo ya 2026 mkumbuke kwamba mwaka mmoja ni kipande tu cha safari. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Januari ndiyo mwezi wa mbio hizo.

Baiskeli nayo ni yetu. Wangapi kati yetu tumekulia Bahi, Chamwino au Manyoni tukibeba madumu kwa baiskeli kutoka kisimani, manne kwa mkupuo, kwenye mchanga? Miguu ile bado tunayo. Lakini angalia hapo hapo maji yalikuwa nini kwetu: kitu cha kuchotwa, kubebwa na kubaniwa. Hayakuwa kitu cha kuingia mwili mzima. Mtoto wa Pangani au Ukerewe anajua kuelea kabla hajajua kusoma, wakati mtu mzima wa Dodoma anaweza kufikisha miaka 40 bila kuzamisha uso majini hata mara moja. Kwa hiyo hofu tunayoiona bwawani si udhaifu wa mtu. Ni historia ya mahali.

Mwaka huu nimemtazama dada mmoja wa kikundi chetu, mkimbiaji hodari wa kilomita 21, anayetuacha wanaume wote tukipanda kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Siku ya kwanza alishika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili, mabega yamepanda mpaka masikioni, amebana pumzi. Mwalimu hakumwambia aogelee. Alimwambia aweke mdomo majini na apulize mapovu, polepole, kama anayepoza uji. Basi. Wiki nzima ikaenda kwenye mapovu. Baadaye pua, baadaye uso mzima, baadaye kuelea kifudifudi mwalimu akiwa ameweka kiganja chini ya tumbo lake. Watu wengi wanaochoka baada ya mita 10 hawajaishiwa nguvu. Wamebana pumzi chini ya maji, kisha wanainua kichwa wakitaka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja. Kichwa kikiinuka, miguu inazama, na maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, kwa hiyo mguu unaoning'inia unakuvuta nyuma kama breki. Dada yetu alipojifunza kutoa pumzi yote akiwa chini na kugeuza uso pembeni kuvuta, mabega yakashuka yenyewe. Mwezi Oktoba alivuka bwawa lote la mita 25 bila kugusa ukingo. Aliposimama upande wa pili alilia, na mimi nilifurahi kuliko siku niliyopata medali yangu.

Ndiyo maana nasema lengo la maji lisiandikwe kwa saa wala kwa umbali. Andika kazi utakayoifanya: kuingia bwawani mara tatu kwa wiki, nusu nusu saa, na kutoka kabla mwili haujaanza kupigana na maji. Anayekwenda mara moja kwa wiki akakaa saa mbili anajifunza vibaya kwa saa moja na nusu. Vilevile kwenye mbio na baiskeli, napendelea mtu aandike "nitatoka siku nne kila wiki" kuliko "nitamaliza chini ya saa tatu". Saa ya mwisho inategemea upepo, jua, pancha na usingizi wa jana yake. Kutoka au kutotoka kunakutegemea wewe zaidi.

Tafadhali sana, mazoezi haya tufanye kwenye bwawa la kuogelea linalotunzwa. Bei inauma, najua, lakini tukienda kumi kwa pamoja wenye hoteli wanasikiliza. Bwawa kubwa la Hombolo ni zuri kwa macho, ila maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo makazi ya kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila hata kuyanywa maji. Bwawa la Mtera lina mamba na viboko. Sitaki kumzika mtu kwa sababu ya medali.

Sasa majira. Januari na Februari ni palizi, na wenye mashamba mnajua jembe linafanya nini kwenye kiuno. Siku uliyolima toka asubuhi ihesabu kama siku ya mazoezi, usiongeze mbio jioni. Mvua inakata njia za vumbi na makorongo yanajaa ghafla, kwa hiyo baiskeli ndefu zisubiri. Jumatano ya Majivu itakuwa Februari 18, na Ramadhani itaingia siku hizohizo kufuatana na mwezi, hivyo kikundi chetu karibu chote kitakuwa kwenye mfungo kwa pamoja. Naliona hilo kama neema. Wiki hizo tushushe mwendo wote, tufanye ufundi tu, na ndugu zetu wanaofunga Ramadhani waogelee baada ya futari ili wasiwe na wasiwasi wa kumeza maji. Nitazungumza na mwenye bwawa kuhusu taa.

Aprili ikiisha, barabara ni safi na hewa imepoa. Hapo ndipo tuongeze urefu wa baiskeli, kidogo kidogo, na kila wiki ya nne tupunguze ili mwili ujenge kile tulichokibomoa. Sehemu kubwa ya mazoezi iwe kwenye mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, umeshakwenda haraka mno kwa siku ya kawaida. Kuanzia Juni upepo wa mashariki unashika, na dawa yake ni kuanza nao: tuelekee Ihumwa, Mtumba mpaka Chamwino ukitupiga usoni, tukirudi utusukume mgongoni. Malori ya barabara ya Morogoro hayatupunguzii mwendo, kwa hiyo asiye na helmeti na taa ya nyuma abaki. Miiba ya migunga mnaijua. Tyubu mbili za akiba, pampu, na mtu ajue kuziba mwenyewe.

Kuna wanaoniuliza kuhusu mashindano ya Rubavu, Rwanda, kwenye ziwa Kivu, ambayo yamekuwa yakifanyika mwezi Agosti tangu 2022: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Ni karibu, na ni ndoto halali. Lakini anayeanza mapovu Januari asiiandike Agosti hiyohiyo. Aiandike 2027, kwa kalamu, na 2026 iwe ya kufika Oktoba akiwa mzima. Oktoba mwanzoni, kabla joto kali halijafika, natamani tufanye jaribio letu wenyewe la masafa mafupi: mita 750, yaani kuvuka bwawa mara 30, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Bila zawadi, bila fulana. Wake, waume na watoto wetu wakae ukingoni watuhesabie.

Hao nao tuwashirikishe sasa hivi, wakati wa sikukuu, nyumba ikiwa imejaa na watu wamekaa. Asubuhi za Jumamosi tunazozichukua ni zao pia. Mwambie mkeo au mumeo ni saa ngapi unaziomba na ni zipi unazirudisha. Kuhusu vifaa sitasema mengi. Miwani ya kuogelea kwanza, baiskeli ya mtumba iliyofungwa vizuri baadaye, saa za bei kubwa zinaweza kungoja. Na wale wa maofisini mliovuka 40, pimeni presha na sukari kabla ya Januari kuchanganya.

Lipo jambo la mwisho, nalo linanikosesha usingizi kila mvua zinapoanza. Malambo yamejaa, mashimo yaliyochimbwa mchanga yamejaa, na watoto wako likizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na watoto wadogo ndio walioathirika zaidi. Mtoto wa Nzuguni au Nkuhungu hana bahari, ila ana shimo nyuma ya nyumba. Mkiwa huko vijijini, tembeeni mjue maji yamesimama wapi na watoto wanachezea wapi. Semeni na wazee, wekeni miiba, wekeni zamu ya mtu mzima.

Jumamosi ya Januari 3 tutakutana saa 12 asubuhi mahali petu pa siku zote, tukimbie taratibu nusu saa, na saa 2 tuwe bwawani. Kila mmoja aje na daftari lake la malengo, aliloandika mwenyewe. Mwenye mtoto wa miaka sita na kuendelea aje naye, mwalimu amekubali kuwapa watoto saa nzima. Tusalimieni wazazi na wakwe, safarini mwambieni dereva apunguze mwendo, na mkirudi tuleteeni embe.

Heri ya Krismasi, na heri ya mwaka mpya 2026.