Kazi ya jamii itangulie mashtaka kwa vijana wa makosa madogo

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee vijana wanaokamatwa kwa makosa madogo, kama vile aliyekwapua simu sokoni, aliyevunja kioo cha duka au aliyekutwa na msokoto wa bangi. Mara nyingi hufikishwa kizimbani, na mzazi akikosa dhamana, kijana hupelekwa rumande akasubiri kesi ambayo ingemalizika kwa kikao cha asubuhi moja.

Hapa Kenya, Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi ya umma isiyo na malipo badala ya kifungo kisichozidi miaka 3. Ni sheria njema, lakini huanza kutumika baada ya mtu kupatikana na hatia, wakati ambapo kijana wa miaka 19 ameshaingia katika rekodi za polisi na ameshaharibu cheti cha maadili mema ambacho waajiri wengi hukidai. Ninachoomba ni kazi hiyo itangulie mashtaka.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zote zinaposhindikana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inaruhusu kesi ya mtoto kumalizwa nje ya mahakama kwa masharti. Sera ya mwaka 2019 ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuhusu kumaliza kesi kwa njia hiyo haikuwafungia mlango hata watu wazima.

Kinachonitia wasiwasi ni kazi yenyewe. Kijana akivalishwa bango na kufagia barabara huku akipigwa picha, hapo tumemdhalilisha tu, na akikabidhiwa kwa chifu bila usimamizi, anaweza kuishia kulima shamba la chifu. Afisa wa probesheni ndiye apange kazi, iwe baada ya saa za shule, na inapowezekana ihusiane na kosa: aliyeharibu madawati ayatengeneze pamoja na fundi. Hapa Mombasa kuna mikoko ya kupandwa Tudor na zahanati zinazohitaji mikono. Mlalamishi naye asikilizwe na arudishiwe chake, maana bila hivyo mtaa utaona kwamba mwizi ameachiliwa, na utachukua sheria mkononi.

Tahadhari nyingine ni kwamba kijana mwenye hofu hukiri hata asilolitenda ili alale kwao. Kukiri kusipokewe mpaka mzazi na wakili wawepo. Wizi wa mabavu na unajisi visiingizwe kabisa katika mpango huu.

Kwa hiyo namwomba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma atangaze kila mwaka, kituo kwa kituo, ni vijana wangapi waliopewa nafasi hii na wangapi waliotimiza masharti yao.

Mkazi wa Likoni,
Mombasa