Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Bibi Mwalimu, Mbweni

Bwana Yesu asifiwe. Na kwenu jirani zetu Waislamu, assalamu alaykum.

Sisi watoto na wajukuu wa mwalimu mstaafu wa Mbweni, Unguja, ambaye wengi mnamwita Bibi Mwalimu, tunatoa shukrani zetu za dhati kwa nyote mlioitikia ombi la mchango wa matibabu yake. Figo zake, zilizoharibiwa na presha ya miaka mingi, hazifanyi kazi tena, na damu yake husafishwa kwa mashine katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara.

Usiku mmoja wa Machi 2025 hautatutoka. Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikwenda pamoja, mvua zilikuwa zimeanza, na fedha zilikuwa zimetuishia hata mama akakosa mashine mara mbili mfululizo. Maji yalimjaa mwilini. Miguu ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo, na kwa kuwa akilala chali alikosa pumzi, alikesha amekaa kitako, ameukumbatia mto. Tulipiga simu huku na huku. Aliyefika ni jirani yetu muuza samaki, ndiyo kwanza ametoka kuswali tarawehe. Alishusha matenga yake, akamwagia maji sehemu ya nyuma ya gari, akatandika mkeka wa nyumbani kwake, kisha akambeba mama mikononi kama mzazi wake wa kumzaa. Harufu ya samaki haikutoka, na mjukuu mmoja alipoziba pua, mama alisema kwa sauti ya kuokoteza, "Mwache mwanangu na gari yake, mitume nao walikuwa wavuvi."

Jirani huyo amekataa katakata kupokea fedha ya mafuta, na tangu siku ile safari ya kila Jumatatu ni yake.

Tunamshukuru pia muuguzi aliyemfundisha mama kuweka kiganja juu ya mkono uliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha mishipa kwa ajili ya mashine, ausikilizie kama bado unavuma mfano wa nyuki ndani ya mzinga. Mama hufanya hivyo kila alfajiri kabla ya kusali, na anasema siku hizi hajui tena sala inaanzia wapi. Ni muuguzi huyo huyo aliyetueleza kwa nini muhogo wake uchemshwe na maji yake yamwagwe, na kwa nini madafu na ndizi, vitu tulivyokuwa tukimpelekea kwa mapenzi, vilikuwa vikimdhuru.

Wapo waliomshauri mama aache mashine ili imani yake ionekane. Hatuna shaka walisema kwa nia njema, lakini maneno yale yalimchoma kuliko sindano, kwani alianza kujiona Mkristo mpungufu. Padri wetu alikwenda akakaa naye saa zote nne za mashine, akamkumbusha kwamba Mtume Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na mwiba ukabaki, na Mungu akabaki naye. Tangu hapo mama haoni haya kuwa hajapona. Nasi tuliacha kumpangia Mungu tarehe ya muujiza, tukawa tunaomba Jumatano ifike na mama aifikie, kisha Ijumaa. Nazo zimefika nyingi kuliko tulivyothubutu kuomba.

Shukrani ziwafikie madaktari na wauguzi wote wa kitengo cha kusafisha damu. Waumini wa Kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni, na wa Kanisa Kuu, Mkunazini. Akina mama wa kanisa, wanakwaya, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani. Wavuvi wa Mazizini. Wenzake wa upatu. Ndugu wa Wete, Chake Chake, Dar es Salaam na Masasi (wazee wa Mbweni walikwenda Masasi tangu 1876, na damu bado inaitana).

Majina hatukuyataja kwa agizo la mama mwenyewe, asije aliyetoa shilingi elfu moja kwa siri akajiona mdogo mbele ya aliyetoa zaidi. Hata hivyo tunajua kuna tuliowasahau kabisa. Siku zile tulikuwa hamkani, daftari la michango lililowa mvua, kurasa mbili hazisomeki, na kuna waliotuma fedha kwa simu ambao hatukuwahi kuwajibu hata kwa neno moja. Kwenu tunaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa. Tafadhali msituhesabie kuwa ni utovu wa shukrani.

Ibada ya shukrani itafanyika kanisani Mbweni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi, na baadaye tutakula pamoja nyumbani. Ng'ombe atachinjwa na jirani yetu muuza samaki, ili kila atakayekuja ale bila wasiwasi. Mama atakuwapo, na wali wake mweupe na kikombe chake kidogo cha chai, naye ameomba asilazimishwe cha pili.