Kaseti hizo zina watu ndani, zisikilizeni kabla ya kuzibandika ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wanaopenda vitu vya kale, na wazee wenzangu wanaowapa vitu hivyo bila kuuliza vinakwenda kufanyiwa nini.

Siku hizi kaseti imerudi kwa sura ya pambo. Inatiwa kwenye fremu, inafanywa kishikio cha funguo, inapigwa picha na kuwekwa mtandaoni na maneno ya "enzi zetu". Sina ugomvi na hilo. Mimi nimelea watoto kwa kutengeneza redio kaseti hapa Mombasa, na asije mtu kunisimulia utamu wa ule mchakacho. Mchakacho ulikuwa kasoro, na mteja aliyeusikia alirudi kudai pesa zake. Hata Lou Ottens, Mholanzi aliyeongoza kundi la Philips lililoitoa kaseti mwaka 1963, alikuja kushughulika na CD baadaye. Chombo kikipitwa kimepitwa. Kinachoniuma ni kilichomo.

Majuzi mjukuu wangu alinipeleka kwenye mkahawa mmoja mpya ambao ukuta wake umebandikwa kaseti kwa gundi, kutoka chini hadi juu. Nikavaa miwani, nikasogea kusoma. Nyingi zilikuwa za dukani, nyimbo za Kizungu zilizouzwa dunia nzima, hizo basi. Lakini katikati yake mlikuwa na TDK na Maxell za kurekodia, zimeandikwa kwa kalamu ya wino: "Harusi, Kibokoni, usiku wa pili." "Bhalo, Majengo." Na moja kwa herufi za Kiarabu: "Kutoka Maskati, ya Mama." Kijana wa mkahawa akaniambia kwa bashasha kwamba walizipata kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, gunia zima, kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyezisikiliza. Wangezisikiliza kwa nini, na redio yenyewe hawana?

Wasiojua wacha niwaeleze. Nyimbo za Juma Bhalo, za Maulidi Juma, za Zuhura Swaleh, za Zein l'Abdin na udi wake, ile ala ya nyuzi, ziliuzwa madukani, na duka kama Mbwana Radio Service lilijaza nyumba za pwani hii kwa kaseti za taarabu. Hizo za dukani nyingi zitapatikana tu, leo au kesho. Sizo ninazozililia. Taarabu yetu iliishi harusini, na harusini kulikuwa daima na mtu aliyeweka redio kaseti yake karibu na spika akabonyeza vitufe viwili vya kurekodi. Pale wimbo haukuwa na dakika tatu. Ulikwenda maadamu watu wanainuka kutunza, na mwimbaji akiona ubeti umempata mlengwa aliurudia mpaka ukumbi uvume. Kulikuwa na beti zilizotungwa kwa ajili ya usiku ule na ugomvi ule, zikaimbwa mara moja, zikaisha. Ukizicheza unasikia vigelegele, mtoto analia, mtu anaambiwa asogeze maikrofoni, na bibi fulani aliyekwisha kufa zamani anacheka karibu kabisa na redio. Hayo huyapati kwenye simu yako hata ukitafuta usiku kucha.

Na zile za Maskati na Dubai ni habari nyingine. Vijana wetu walipokwenda Ghuba kutafuta riziki, simu ilikuwa ghali na ilipigwa kwa jirani, mbele ya watu. Mama yangu alisoma Kur'ani vizuri sana lakini herufi za Kizungu zilimpiga chenga. Kwa hiyo ndugu yangu alizungumza kwenye kaseti ya dakika sitini, akampa msafiri, na mama akamjibu upande wa pili. Alianza kwa salamu za nyumba nzima, akamwambia bei ya samaki, akamkemea kwa kutosema kama anaswali, kisha akanyamaza muda mrefu, kwa kuwa hakujua namna ya kuizima ile mashine. Nyumba ngapi hapa Mji wa Kale zilifanya hivyo! Kibandani kwangu zililetwa kaseti zilizotafunwa na redio, na mwenyewe anasimama kando hataki kuondoka mpaka aone utepe umeungwa.

Sasa tuelewe ni kitu gani tunakibandika. Utepe ule ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma wenye sumaku. Upana wake haufiki milimita nne, na kila upande wa kaseti umepewa chini ya nusu ya huo. Unapita mbele ya hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma sauti, kwa mwendo wa chini ya sentimita tano kwa sekunde. Pwani yetu na unyevu wake haiupendi: ukiona weupe kama unga kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu. Na zile za dakika 120 ndizo za kuogopwa, kwa sababu ili utepe mrefu utoshe ndani iliwabidi waufanye mwembamba mno, na redio yoyote yenye mpira uliochoka inaumeza.

Ukiikuta kaseti kabatini kwa bibi, usikimbilie kuitia kwenye redio ya kwanza unayoiona. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni, isije ikafutwa kwa bahati mbaya. Angalia kile kipande cha sufi kilicho katikati, chini ya utepe; gundi yake hukauka kikadondoka, na bila hicho sauti inafifia. Zungusha kwa kalamu ya Bic uone kama inakwenda. Ukiona kuvu, peleka kwa fundi. Hedi isafishwe kwa pamba na spiriti. Halafu ipeleke mpaka mwisho na kuirudisha yote kabla ya kuicheza, maana imelala miaka mingi. Na tafadhali, usirekodi kwa kuishika simu mbele ya spika! Chukua waya, toa sauti kwenye tundu la redio uiingize kwenye kompyuta. Kaseti ya dakika tisini itakula dakika tisini zako, hakuna njia ya mkato.

Makumbusho ya Kitaifa, ambao Fort Jesus iko mikononi mwao, ningewaomba watuwekee meza moja tu: deki nzima ya kuchezea kaseti, kompyuta, na mtu mwenye subira. Watu watakuja. Hatuombi jengo jipya.

Lakini kuna jambo vijana hawatalipenda. Si kila kitakachosikika ni cha kutiwa YouTube. Harusi za kina mama zilikuwa za kina mama, wakiimba na kuchezeana kwa amani kwa kuwa walijua nani yumo ukumbini. Barua ya sauti ni barua. Nakala ya kwanza irudi kwa wenyewe, wasikilize wao, waseme kipi kitoke na kipi kibaki ndani, na atakayekataa asibembelezwe. Maandishi ya juu ya kaseti yakishasomwa, mara nyingi mtaa huwa unajulikana, na hapa kwetu ukishajua mtaa na mwaka, kuwapata wenye harusi ni kazi ya asubuhi moja barazani.

Fundi redio mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa